Kumpima kiongozi wa mkoa bila kudanganywa na bei ya korosho

Msimu wa korosho ukiwa mzuri, Mtwara nzima inamsifu mkuu wa mkoa. Ukiharibika, mtu yule yule anatukanwa hata na bodaboda ambaye hana mkorosho hata mmoja. Nimezisikia hukumu hizi kijiweni Newala kwa miaka. "Huyu kazi imemshinda, yule wa zamani ndiye alikuwa kiongozi." Ukiuliza yule wa zamani alifanya nini hasa, unajibiwa kwamba wakati wake kilo ilifika elfu nne. Utadhani yeye ndiye alikuwa mnunuzi.

Nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi ya kijiji, na kabla ya hapo nilishika kalamu kwenye chama cha msingi, kwa hiyo ubishi huu umenichosha kuliko wengi. Nikaanza kujiuliza mwenyewe kwenye kaunta buku. Ninachoeleza hapa ndicho ninachofanya. Utahitaji daftari, kalamu ya rangi mbili, simu yenye bando, na siku tatu au nne za kuzunguka. Nimeandika nikiwa na Mtwara kichwani, ila mtu wa Nachingwea au Kilwa akibadilisha majina ya halmashauri, mambo mengine yote yatamfaa.

1. Amua kwanza unampima nani

Tunasema "serikali ya mkoa" kana kwamba ni mtu mmoja. Sivyo. Mkuu wa Mkoa anateuliwa na Rais, na ofisi yake imewekwa na Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997. Hakusanyi ushuru wala hana fungu lake la kujenga zahanati ya kijijini kwako. Anasimamia, anashauri, anabana, na anaongoza vikao kama Kamati ya Ushauri ya Mkoa na Bodi ya Barabara. Hela za ushuru wa mazao, leseni na soko zinakusanywa na halmashauri, yenye mkurugenzi wa kuteuliwa na madiwani wa kuchaguliwa. Mkoa wa Mtwara una halmashauri tisa: Manispaa ya Mtwara Mikindani, Mtwara, Nanyamba, Tandahimba, Nanyumbu, halafu Masasi na Newala zenye mbili mbili, ya mji na ya wilaya.

Fungua kurasa mbili. Ukurasa wa halmashauri utajaza fedha na majengo. Ukurasa wa mkoa utajaza usimamizi, na swali lake kubwa ni moja: ile halmashauri iliyokuwa ya mkiani kati ya tisa, ilipanda au ilizama zaidi wakati wake? Halmashauri iliyo imara inajiendesha hata bosi akiwa safarini. Msimamizi anaonekana kwenye ile dhaifu.

2. Panga majina na miaka, kisha sogeza mwaka mmoja

Andika waliokaa. Kwa Mtwara, kati ya mwishoni mwa 2014 na 2024, utapata Halima Dendego, Gelasius Byakanwa, Marco Gaguti, Ahmed Abbas Ahmed na Patrick Sawala. Wakuu wa mkoa watano kwa muongo mmoja. Lindi walibahatika kukaa na mtu muda mrefu zaidi: Godfrey Zambi, kisha Zainab Telack. Fanya hivyo hivyo kwa wakurugenzi wa halmashauri yako, na usishangae orodha ikiwa ndefu kuliko ya wakuu wa mkoa.

Sasa angalia mtego wa kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kufungwa Juni 30. Minada ya korosho inaanza Oktoba, na ikifika Februari maghala yamebaki na vumbi. Mtu akiteuliwa Mei, mwaka unaofungwa wiki chache baadaye utasomwa kwa jina lake ilhali hela zote ziliingia kabla hajapanda ndege ya kuja huku. Bajeti ya mwaka unaofuata nayo ameikuta imepitishwa. Kwa hiyo mimi nina kanuni yangu: mwaka wa kwanza wa mgeni ni wa aliyeondoka. Na aliyekaa chini ya miezi kumi na minane namwandikia "hapimiki". Watu hawalipendi neno hilo, wanataka maksi, lakini kumpa maksi mtu ambaye hajamaliza hata bajeti moja yake mwenyewe ni kumwonea au kumpendelea.

3. Chora mstari mwekundu pale kazi zilipohama

Hapa ndipo wazee wa kijiweni wanapokosea zaidi, na siwalaumu, kwa sababu hakuna aliyepita na spika kutangaza.

Julai 2017 TARURA ilianza kazi na kuchukua barabara za mijini na vijijini zilizokuwa mikononi mwa halmashauri. Kumlinganisha mkurugenzi wa 2014 na wa 2020 kwa mashimo ya barabara ni kumlinganisha mwenye jembe na aliyenyang'anywa jembe. Mwaka huo huo ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3, ukaacha tundu kwenye bajeti za halmashauri zote zinazoishi kwa korosho. Kodi ya majengo ilikuwa imeshapelekwa TRA, na tangu 2021 tunailipa tunaponunua umeme wa LUKU. Mwaka 2019 ikaja RUWASA, ikachukua maji vijijini.

Kuhusu maji, sisi wa uwanda wa juu tuna la kusema. Mradi wa maji wa Makonde ulianza tangu enzi za Mwingereza, na mpaka leo kila kiongozi anayekuja anaahidi kuwa yeye ndiye atakayetutua ndoo. Usimhukumu kwa ahadi hiyo, wala usimpe sifa zote bomba likifika, maana fedha kubwa za maji hutoka wizarani na kwenye mikopo ya nje. Mwulize alichoweza: siku pampu ilipokufa, ilichukua siku ngapi hadi maji kurudi? Hiyo andika.

Barabara kuu nayo iondoe. Mtwara hadi Masasi kupitia Mnivata, Tandahimba na Newala ni kilomita 210 za TANROADS na Hazina. Kipande cha kwanza cha kilomita 50 kililiwa na miaka mingi ya wakuu wa mkoa tofauti. Aliyekuwepo lami ilipokamilika alikuwa na bahati ya kalenda. Bandari ya Mtwara na gati lake jipya vivyo hivyo.

4. Toa korosho kwenye hesabu

Hatua hii usiiruke hata kama nyingine zote utaziruka.

Korosho inapanda na kushuka kwa sababu ambazo haziko Mtwara. Mwaka 2018 wakulima waligoma kuuza kwenye minada ya mwanzo, bei zikiwa chini, hadi Novemba Rais Magufuli alipoamua serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lisombe. Hakuna mkuu wa mkoa aliyepanga hilo. Mavuno ya nchi yalikuwa karibu tani 313,000 msimu wa 2017/18, yakaporomoka chini ya 200,000 msimu wa 2022/23, kisha yakapita 500,000 msimu wa 2024/25. Aliyekalia kiti 2022 alionekana mzembe, wa 2024 akaonekana shujaa. Mvua, salfa (ile dawa ya mikorosho), bei ya India na Vietnam, vyote vimeandikwa kwa jina la mtu mmoja.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Tani 1,000 zikiuzwa kwa 3,000 kwa kilo ni shilingi bilioni 3, na asilimia 3 yake ni milioni 90 za halmashauri. Bei ikiwa 2,000, tani zile zile zinaleta milioni 60. Mkurugenzi hajalala wala hajaamka.

Basi tafuta taarifa ya mapato ya ndani ya halmashauri. Huwa inasomwa kwenye baraza la madiwani, na diwani wako anayo nakala kwenye kabrasha lake. Chukua jumla, toa ushuru wa korosho, baki na mengineyo: leseni, soko, stendi, machinjio, vibali vya ujenzi, ushuru wa huduma. Nikupe mfano wa kubuni. Mwaka wa kiongozi wa kwanza halmashauri ilikusanya bilioni 5, na bilioni 3.6 zikawa za korosho. Mrithi wake akakusanya bilioni 3.4, korosho ikiwa bilioni 1.6. Kijiweni wameshahukumu: mrithi hamna kitu. Toa korosho uone. Wa kwanza anabaki na bilioni 1.4, mrithi anabaki na 1.8. Sasa ongeza kupanda kwa bei za vitu. Kama kati ya miaka hiyo bei zilipanda kwa asilimia 10, ile 1.4 ni kama 1.54 ya leo. Mrithi bado yuko mbele. Faharasa za bei ziko kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, lakini ukikosa bando tumia mfuko wa saruji: jumla ile ingenunua mifuko mingapi wakati ule, na mingapi sasa?

Ushuru wa huduma uangalie kwa jicho la pekee kama uko Manispaa, Mtwara vijijini au Kilwa. Huo unatozwa kama asilimia ndogo ya mauzo ya kampuni, na sisi tuna kiwanda cha saruji na gesi ya Mnazi Bay, wenzetu wana Songo Songo. Kuufuatilia kunataka mtu wa kusoma mikataba na kubishana na wahasibu wa makampuni. Hapo uhodari unaonekana kweli, kwa sababu hela hiyo haijileti.

Halafu rudisha korosho kidogo, kwa yale ambayo uongozi unaweza kuyashika. Nenda kwa karani wa AMCOS yako, yaani chama cha msingi cha wakulima, umwombe tarehe mbili za kila msimu: siku salfa ya ruzuku ilipofika ghalani, na siku ngapi zilipita kati ya mnada na hela kuingia kwenye akaunti za wakulima. Vitabu vyake vinazo. Salfa inayofika mikorosho ikiwa tayari imechanua na ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu, umeshashika ni ya kufunga kitabu tu. Ya tatu ni kangomba, ulanguzi wa korosho nje ya mnada. Hii haina kitabu, lakini kila kijiji kinajua mwaka gani walanguzi walipita mchana kweupe na mwaka gani walijificha. Uliza watu watano wasiokaa pamoja.

5. Soma ripoti ya CAG, lakini usiishie kwenye hati

Kila Aprili ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu huwekwa mezani Bungeni, na ile ya serikali za mitaa unaipata bure kwenye tovuti ya ofisi yake. Viongozi wanapenda kutamba kwa "hati safi". Hati inayoridhisha maana yake vitabu vimeandikwa vizuri. Haisemi kwamba hela zimetumika vizuri. Mwizi mwenye mwandiko mzuri anaipata.

Wewe nenda mbele zaidi, tafuta jina la halmashauri yako kwenye majedwali. Mimi natazama mambo matatu: makusanyo ya mashine za POS ambayo hayakupelekwa benki, mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na wenye ulemavu ambayo haijarejeshwa, na mapendekezo ya miaka ya nyuma ambayo hayajatekelezwa. La tatu ndilo tamu. Kila mkurugenzi anarithi hoja za mtangulizi, na idadi ya alizozifunga ni zake peke yake. Hawezi kusingizia mvua. Kuhusu mikopo, kumbuka ilisimamishwa 2023 na kurudi mwaka wa fedha 2024/25, kwa hiyo usimdai aliyekuwepo katikati.

6. Nenda ukasome mawe ya msingi

Huku ndiko kwenye utamu wenyewe. Kila mradi una jiwe, na jiwe lina tarehe. Mwenge unapita, jiwe linawekwa. Miaka inapita, jiwe jingine la uzinduzi linabandikwa. Umbali kati ya mawe mawili ni hadithi nzima ya uongozi.

Nilipokuwa kamati ya ujenzi tulianza zahanati. Wananchi tulichanga, tukasomba mchanga, akina mama wakabeba maji kichwani kutoka bondeni, boma likafika usawa wa linta. Kiongozi wa wakati huo akaja, akatusifu, tukampikia ming'oko, akaahidi bati. Akahamishwa. Aliyemfuata akaja, akatuambia boma halijafuata ramani. Wa tatu hakufika. Mbuyu unastahimili mvua miaka mia, lakini ukuta usio na paa haukubali. Ukuta mmoja ukalala. Wa nne alikuta hela kutoka serikali kuu, akaezeka, akazindua, jina lake liko pale kwa rangi nyeusi. Kijijini wanamsifu yeye, na kweli alimaliza. Mimi nilimpa nusu. Nusu nyingine nilimpa yule wa kwanza ambaye angalau alitufanya tuanze, na wa tatu nilimwandikia sifuri bila huruma, kwa sababu aliyekuta kiporo akakipita ndiye aliyetutia hasara ya ukuta.

Kwa hiyo zungukia kata yako na uhesabu maboma. Kwa kila kiongozi andika tarakimu tatu: maboma aliyoyakuta, aliyoyamaliza, aliyoyaacha. Aliyeanzisha kumi na kuacha kumi ni mzigo kwa mrithi wake hata kama alipigwa picha mara kumi. Aliyekuta kumi, akamaliza saba, asianzishe hata moja, mara nyingi anaitwa mvivu. Mimi ningemwomba abaki.

Uliza pia hela ilitoka wapi. Madarasa mengi unayoyaona ya mwishoni mwa 2021 ni ya fedha za UVIKO-19, sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka IMF, milioni 20 kwa darasa. Kila halmashauri nchini ilipata. Sifa ya kiongozi hapo haiko kwenye kuwa na madarasa. Iko kwenye kwamba yake hayana nyufa, na yalikamilika kwa hela ile ile bila kuwakamua wananchi. Kabla ya hapo serikali ilikuwa ikitoa milioni 12.5 kumalizia boma, kuta zikiwa nguvu za wananchi. Usilinganishe idadi hizo mbili kana kwamba ni kitu kimoja.

7. Gawa kwa watu

Hii ni fupi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,270,854 Mtwara na 864,652 Lindi. Ya 2022 ikakuta 1,634,947 na 1,194,028. Mtwara iliongezeka kwa karibu asilimia 29, Lindi 38. Anayesema ameongeza walimu au vitanda kwa asilimia 15 katika muongo huo amerudi nyuma. Kwa shule, usisahau kwamba elimu bila ada ilianza Januari 2016 na madarasa yakafurika. Msongamano wa mwaka huo si uzembe wa mtu. Na matokeo ya kidato cha nne ya 2014 yalitolewa kwa GPA kabla divisheni hazijarudi, hivyo ruka mwaka huo.

8. Pima siku mbaya

Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokuja juu ya mafuriko ya msimu ule, barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika na mabasi yakalala njiani. Kukatika si kosa la mtu. Tafuta waliokuwa kwenye yale mabasi uwaulize nani aliwafikishia maji, na siku ya ngapi. Upande wa pili, Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilitangazwa kuja Mtwara kikaishia Msumbiji. Usimpe mtu sifa za kutuokoa na upepo uliogeuka wenyewe. Mpe kama shule zilifungwa kwa wakati na watu wa pwani waliambiwa waende wapi.

Na kuna siku mbaya za aina nyingine. Januari na Mei 2013 Mtwara iliungua kwa sababu ya bomba la kupeleka gesi Dar. Uamuzi wa bomba ulikuwa wa taifa, na lilikamilika 2015, lakini hasira ile ilikua miezi mingi watu wakiuliza maswali bila kujibiwa. Tangu hapo nina safu moja isiyo na tarakimu: je, alikuja kujibu kabla watu hawajakasirika, au baada? Naijaza kwa kumbukumbu za mikutano, na nakubali kwamba hapo moyo wangu unaingilia kalamu.

9. Peleka daftari kwenye mkutano

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, na vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi kukaa na kusikiliza. Usiende na daftari zima, watakuona mpinzani. Chagua mstari mmoja, wenye tarehe na kiasi, uulize kwa adabu: mheshimiwa diwani, hoja ile ya makusanyo yasiyofika benki imefungwa, au bado? Ukipigwa chenga, andika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi siku 30 za kukujibu. Piga nakala, gonga muhuri wa kupokelewa, hesabu.

Barua yangu ya kwanza, enzi za kiongozi aliyesifiwa sana, haijajibiwa mpaka leo. Ya mwisho ilijibiwa siku ya ishirini na sita, kurasa mbili, na hesabu moja wakaikosea. Zote nimeziingiza kwenye daftari, kila moja kwenye safu ya aliyekuwepo.